Maswali ya Wasomaji: Hisani ya Wafanyabiashara wa Kihindi Afrika Mashariki

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu majengo ya umma yaliyojengwa kwa fedha za wafanyabiashara waliotoka Bara Hindi, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi hata tumeamua safu nzima ya toleo hili ishughulikie jambo hilo moja. Wapo walioandika kwa shukrani, wapo waliolalamika, na wachache walikasirika kwelikweli. Nimezichagua zile zinazouliza jambo mahususi na kuzifupisha bila kubadili maana. Naomba niseme mapema msimamo wangu, ili msomaji ajue ninatazama kutoka wapi: sadaka ya tajiri ninaipima kwa maswali mawili, yaani mlango ulifunguliwa kwa nani, na hati ya mali hiyo ilibaki mikononi mwa nani baada ya mtoaji kufariki.

*Ndugu Mhariri, mwezi uliopita nilimuuguza mama yangu Muhimbili, katika jengo la Sewahaji. Nilipowauliza watu maana ya jina hilo, mmoja alidhani ni mtaa, mwingine akasema ni daktari wa zamani. Sewahaji alikuwa nani hasa? — Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam*

Pole sana kwa kuuguza, na tunamwombea mama afya njema. Sewa Haji Paroo hakuwa daktari. Alikuwa mfanyabiashara, aliyezaliwa mwaka 1851 katika familia ya Waismailia, yaani Waislamu wa Kishia wanaomfuata Aga Khan, wenye asili ya Kutch, magharibi mwa India, na shughuli zake zilikuwa Bagamoyo, mahali ambapo njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora ilifikia bahari. Kila aliyetaka kwenda bara alihitaji vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za kulipia njiani, na zaidi ya hayo alihitaji wapagazi, ambao kila mmoja alijitwika mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 30, akatembea nao kwa miezi. Sewa Haji alishughulikia vyote hivyo. Mwaka 1871, akiwa bado kijana wa miaka ishirini, ndiye aliyempatia Henry Morton Stanley wapagazi wa safari ya kumtafuta Livingstone, na Stanley aliacha maandishi yenye hasira kuhusu jinsi kijana huyo alivyomzidishia hesabu.

Miaka ishirini baadaye, akiwa mmoja wa matajiri wakubwa wa mwambao, mtu huyo huyo alianza kutoa. Mwaka 1892 aliikabidhi serikali ya Wajerumani jengo lake la ghorofa la Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokewe. Alitoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, watu ambao tiba ya kikoloni haikuwajali sana. Alifariki mwaka 1897 na kuacha mali ambayo mapato yake yaliendelea kuwasaidia wagonjwa. Hospitali hiyo ilihudumia mji kwa zaidi ya nusu karne, mpaka ilipofunguliwa hospitali mpya ya Princess Margaret huko Upanga mwaka 1956, ambayo baada ya Uhuru ikaitwa Muhimbili. Huduma zilihama, na jina la Sewahaji likahamia kwenye jengo ambamo mama yako alilazwa.

Hata hivyo, siwezi kumwandika Sewa Haji bila kuwaandika wapagazi. Utajiri uliojenga hospitali ile ulitokana na biashara ya misafara na pembe za ndovu, na mabega yaliyoibeba biashara hiyo yalikuwa ya Wanyamwezi na wenzao, wengi wao wakiwa wamekufa njiani kwa njaa, ndui na uchovu. Hakuna wodi iliyoitwa kwa jina la mpagazi hata mmoja. Ninaiheshimu sadaka ya Sewa Haji, hasa lile sharti la shule, kwa sababu mwaka 1892 ni wachache mno katika mwambao huu waliofikiria kuandika sharti la namna hiyo. Lakini nadhani hospitali ile ilikuwa pia, kwa kiasi fulani, deni lililolipwa kwa watu wa nchi waliomtajirisha, na si vibaya tukiitazama hivyo.

*Bwana Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Malindi, Unguja. Jengo la mbao zilizochongwa lililoko Mizingani tunaliita dispensari ya zamani, lakini wageni huambiwa kwamba lilikusudiwa kuwa hospitali. Kipi ni kweli? — Msomaji wa Mjini Magharibi, Zanzibar*

Yote mawili ni kweli. Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyewahi kuendesha forodha ya Sultani, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, mwaka wa jubilei ya Malkia Victoria, akiwa na nia ya kujenga hospitali ya maskini. Alifariki mwaka 1891 jengo likiwa halijakamilika. Mjane wake aliliendeleza, lakini hospitali haikuanza, na mwaka 1900 jengo likanunuliwa na wakfu wa Haji Nasser Nurmohamed, mfanyabiashara wa Kikhoja Ithnaasheri, madhehebu mengine ya Kishia. Hapo ndipo dispensari ilipoanza katika ghorofa ya chini, na ndiyo mliyoirithi kwa jina. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo liliachwa likachakaa vibaya, mpaka taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ilipolikarabati katika miaka ya 1990.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba nia ya mtu wa kwanza ilitimizwa na mtu wa pili, wa jamaa nyingine, kwa sababu huyu wa pili alifunga mali yake katika wakfu badala ya kutegemea uhai wake mwenyewe. Na kwa kuwa umetaja hospitali, utakumbuka kwamba Mnazi Mmoja nayo imepita katika majina: iliwahi kuitwa kwa jina la Karimjee Jivanjee, ukoo wa Kibohora (nao ni Mashia wenye asili ya India) ulioanza biashara Unguja mwaka 1825, kisha baada ya Mapinduzi ikaitwa V. I. Lenin, na leo inaitwa kwa jina la mahali ilipo. Wagonjwa wameendelea kutibiwa chini ya majina yote matatu.

*Mhariri, watu husema Wahindi wote waliletwa kujenga reli. Je, ni hao waliokuja kuwa matajiri na wafadhili? — Msomaji wa Voi*

Kwa sehemu kubwa, la. Vibarua na mafundi walioletwa kutoka India kujenga Reli ya Uganda walikuwa 31,983, na waliobaki baada ya mikataba kwisha walikuwa 6,724. Wengine walirudi kwao, na 2,493 walikufa kazini. Wenye maduka walikuja kwa njia nyingine, kwa jahazi na kwa meli, kwa gharama zao au za jamaa zao, na wengi wao, kama ulivyoona hapo juu, walikuwa wamefika pwani kabla ya reli. Reli iliwapa njia ya kupeleka maduka bara. Allidina Visram, kwa mfano, alifika Bagamoyo akiwa mvulana, akafanya kazi chini ya Sewa Haji, kisha akafungua maduka kufuata njia ya reli hadi Uganda. Alifariki mwaka 1916, na mwanawe akajenga kwa kumbukumbu yake shule ya Mombasa iliyofunguliwa mwaka 1923, ambayo bado inaitwa Allidina Visram.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa historia. Nimesoma makala yenu na nimeona mmewasifu mno. Shule na hospitali nyingi za Wahindi zilikuwa za Wahindi peke yao. Mtu akimjengea mtoto wake shule, hiyo nayo ni hisani? — Msomaji wa Nairobi*

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo zito kuliko yote katika safu hii, na sehemu ya kwanza ya jibu ni kwamba una haki. Shule ya Allidina Visram niliyoitaja sasa hivi ilianza kama shule ya Wahindi. Ndivyo zilivyokuwa shule nyingi za Waismailia, za Waoshwal (Wahindi wa dini ya Kijaini), za Wapatel (Wahindu wa Gujarat) na za Wagoa (Wakatoliki wa Goa). Serikali ya kikoloni ilizigawa shule, hospitali, makazi na hata vyoo kwa rangi, ikatoa ruzuku kwa kila kundi kwa kiwango chake, na Mwafrika akawa wa mwisho daima. Jamii za Wahindi zilijenga ndani ya mgawanyo huo, na ni wachache mno walioupinga kwa vitendo. Mtu aliyewajengea watu wa madhehebu yake zahanati amefanya jambo jema, lakini kwa kipimo nilichokitaja mwanzoni, mlango wake ulikuwa umefunguliwa nusu.

Sehemu ya pili ni kwamba wapo waliouvunja ukuta huo mapema, na hao ndio wanaostahili kusomwa kwa makini. Nitakupa mifano mitatu ya mji wako mwenyewe.

Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora wa Karachi aliyewaletea wajenzi wa reli vibarua na chakula, aliupa mji wa Nairobi bustani mwaka 1906, wakati Nairobi ilipokuwa bado mji wa mabati na tope. Aliitoa iwe ya watu wote. Leo ukipita pale saa saba mchana utawakuta wahubiri wakipaza sauti, wapiga picha wakisubiri wateja, na makarani wamejilaza kwenye nyasi na magazeti usoni, na hakuna anayeulizwa kabila wala rangi. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kujenga maegesho ya magari juu ya bustani hiyo, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani uliouzima. Zingatia jambo hili: miaka 85 baada ya zawadi, na nusu karne na zaidi tangu mtoaji afariki mwaka 1936, bado ilibidi mtu wa familia asimame na kuwakumbusha wakubwa kwamba ardhi ile ilitolewa kwa umma. Hapo ndipo utakapoona kwa nini ninahangaika sana na hati.

Mfano wa pili ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Baada ya Mahatma Gandhi kuuawa mwaka 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walichanga fedha za kujenga chuo cha kumbukumbu yake, na walitaka kiwe cha watu wa rangi zote. Serikali nayo ilikuwa na mpango wa chuo cha ufundi. Mwaka 1954 mipango hiyo miwili iliunganishwa, na chuo kilichofunguliwa mwaka 1956 ndicho kilichokua kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Sanamu ya Gandhi na maktaba yenye jina lake zipo kwa sababu hiyo. Michango haikutoka kwa matajiri peke yao. Wenye maduka madogo ya Machakos, Nyeri na Kisumu walichanga pia, na kutokana na michango hiyo wamesoma mawakili, wahandisi na madaktari wasiojua hata kidogo kwamba duka la kijiji chao lilichangia.

Wa tatu ni hospitali ya Aga Khan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1958 bila kubagua wagonjwa kwa rangi, miaka mitano kabla ya Uhuru. Ukiniambia kwamba leo mfanyakazi wa kawaida anaogopa hata kupita getini kwa sababu ya gharama, nitakubaliana nawe. Ubaguzi wa rangi ulipoondoka, bei ilibaki mlangoni. Hospitali hii, pamoja na M. P. Shah ya Nairobi na Pandya ya Mombasa, zilianza kwa michango na bado zina mifuko ya kuwasaidia wasiojiweza. Ninavyoona mimi, ukubwa wa mfuko huo na urahisi wa mgonjwa kuufikia ndivyo vinavyopasa kuulizwa kila mwaka, hadharani, kuliko uzuri wa mashine mpya.

*Mhariri mpendwa, nilisafiri na wanangu kutoka Mombasa, gari likaharibika karibu na Makindu, tukalala katika hekalu la Masingasinga. Tulipewa chakula na vitanda, na asubuhi nilipotaka kulipa walikataa. Wanapata faida gani? — Mama wa watoto watatu, Likoni*

Mama, ninafurahi kwamba mlifika salama. Hekalu la Makindu lilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa mafundi wa reli, kwa kuwa Makindu, karibu kilomita 170 kutoka Nairobi, ilikuwa kituo cha kuhudumia treni. Reli ilipobadilika na mafundi wakahama, hekalu lingeweza kufa kama vituo vingine vingi vilivyokufa. Lililoliokoa ni barabara, na desturi ya dini yao ya kumlisha kila anayefika bila kumuuliza yeye ni nani. Umeona mwenyewe utaratibu: unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unakaa katika mstari mmoja na dereva wa lori, mwalimu, mfanyabiashara wa kutoka Leicester na mtoto wa kijijini, na wote mnapewa dengu, chapati na chai ya maziwa kutoka jiko moja. Anayetaka kutoa hutoa katika sanduku, na hakuna anayemtazama ametia nini.

Faida waliyonayo ni ya imani yao, na sitajifanya ninaijua kuliko wao. Ila katika hisani zote nilizozitaja katika safu hii, hii ndiyo inayonigusa zaidi. Haina jina la tajiri mmoja, anayepokea halazimiki kujieleza, na imedumu karibu karne moja kwa michango midogo ya watu ambao wengi wao hawatajulikana.

*Ndugu Mhariri, hapa kwetu tunajua ukweli: Mhindi hutoa ili asiguswe. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wenye kitu hauumwi. Mnasemaje? — Msomaji wa Kampala*

Ingekuwa hivyo, Uganda ndiyo nchi ambayo ingetoa ushahidi, na ushahidi wake ni kinyume. Muljibhai Madhvani alikuza kiwanda cha sukari cha Kakira, Nanji Kalidas Mehta akaanzisha kile cha Lugazi mwaka 1924, na katika mashamba yao palikuwa na shule na hospitali za wafanyakazi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Hakuna shule wala wodi iliyomkinga mtu yeyote. Tanzania nayo, kwa sheria ya mwaka 1971, ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mwenye kutoa na asiyetoa walipoteza vilevile. Kama sadaka ingekuwa bima, basi ilikuwa bima isiyolipa, na wafanyabiashara wale walijua hesabu.

Hata hivyo sitaki kuikwepa hoja yako, kwa sababu ina chembe ya kweli. Watu wachache wenye mali katika nchi ya wengi wasio nayo huwa na hofu, na hofu hiyo huwafanya watoe mahali panapoonekana: jengo lenye bamba la shaba, hundi kubwa ya karatasi inayokabidhiwa mbele ya kamera, waziri akikata utepe. Nimehudhuria sherehe za namna hiyo na nimeona meza ya wageni rasmi ikiwa na chakula kingi kuliko bohari ya zahanati iliyokuwa ikizinduliwa ilivyokuwa na dawa. Hiyo naikemea bila kumumunya. Pamoja na hofu ipo dini, nayo haina kamera: Mwislamu ana zaka na humusi, Mwismailia hutoa fungu la mapato yake jamatini, yaani katika nyumba yao ya ibada, Mjaini hufunzwa kuhurumia kila chenye uhai. Katika moyo wa mtu mmoja nia hizi huchanganyika, kama zinavyochanganyika ndani yako na ndani yangu tunapotoa.

Kuna pia waliorudi. Familia za Madhvani na Mehta zilirudi Uganda katika miaka ya 1980, zikafufua viwanda vilivyokuwa magofu, na mfuko wa Madhvani sasa hulipia vijana wa Uganda masomo ya vyuo vikuu. Aliyefukuzwa kisha akarudi kusomesha watoto wa nchi iliyomfukuza, mimi simwiti mtu anayenunua usalama.

*Mhariri, mbona wanaume tu? — Msomaji wa kike, Tanga*

Umetubana, dada, na umetubana kwa haki. Majina ya mabango ni ya wanaume kwa sababu mali iliandikwa kwa majina yao. Mjane wa Tharia Topan ndiye aliyeliendeleza jengo la Mizingani baada ya mumewe kufariki. Katika mfuko wa elimu wa Rattansi wa Nairobi, ulioanzishwa mwaka 1956 na unaowalipia karo wanafunzi wasiojiweza wa Kenya, jina la Maniben Rattansi limeandikwa pamoja na la mumewe Mohamedally. Shule ya kwanza ya wasichana ya Aga Khan katika eneo letu ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1905. Na Septemba 2013, magaidi walipoishambulia Westgate, jengo la maduka la Nairobi, ukumbi wa Waoshwal ulio jirani uligeuzwa mara moja kuwa kituo cha majeruhi na cha jamaa waliotafuta watu wao. Majiko yaliyowalisha askari, madaktari na waliofiwa kwa siku zile yalisimamiwa kwa sehemu kubwa na akina mama waliozoea kupika kwa mamia. Miaka minne baadaye, Julai 2017, serikali ya Kenya ilipowatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44, wengi waliyataja matukio yale ya Westgate.

*Ndugu Mhariri, sisi ni wafanyabiashara kumi na wawili wa Arusha, babu zetu walitoka Gujarat. Tunataka kujenga wodi ya wazazi katika zahanati ya serikali nje ya mji. Hatutaki makosa mliyoyasema. Tuanzie wapi? — Kikundi cha wafanyabiashara, Arusha*

Hongereni, na ninawashukuru kwa kuuliza kabla ya kununua saruji. Anzeni kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha kamati ya zahanati yenyewe, na muulize swali moja kabla ya mengine: wodi ikikamilika, nani ataingia humo usiku? Wodi ya wazazi bila mkunga, bila maji na bila taa ni ghala. Kama halmashauri haina mpango wa kuajiri wakunga wawili au watatu pale, fedha zenu zitafanya kazi kubwa zaidi mkijenga nyumba ya mtumishi na kuchimba kisima kuliko mkiongeza vitanda. Wasikilizeni pia wanawake wanaojifungulia hapo, bila mwenyekiti wa kijiji kuwepo chumbani. Watawaambia mambo ambayo ramani haiyaonyeshi, kama vile umbali wa choo na mahali pa kulala mama mkwe aliyemsindikiza mzazi.

Pili, msitoe kama watu kumi na wawili. Jisajilini kwa kuunda bodi ya wadhamini chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318, kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, au sajilini shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, mkipenda kuendesha shughuli zenyewe. Kwa jengo moja la serikali, wadhamini wanatosha. Katika bodi wekeni watu wasio wa ukoo wenu wala wa dini yenu. Muuguzi mstaafu na mwalimu wa pale pale watawafaa kuliko mbunge. Kuhusu kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii kuondolewa katika mapato yanayotozwa kodi, lakini usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Mhasibu wenu alishughulikie mapema, kwa kuwa stakabadhi zisizo na usajili wa mpokeaji hukataliwa.

Tatu, andikeni mkataba na halmashauri kabla ya msingi kuchimbwa. Ardhi ibaki ya umma na jengo likabidhiwe kwa umma, lakini mkataba useme wazi kwamba jengo halitageuzwa matumizi bila ridhaa ya wadhamini na ya mkutano mkuu wa kijiji, kwamba mama asiye na fedha hatarudishwa, na kwamba halmashauri italeta watumishi na dawa kwa kiwango kilichotajwa. Wekeni nakala moja kwa wadhamini, moja kwa halmashauri, moja katika ofisi ya kijiji, na nyingine ibandikwe ukutani mwa zahanati, kwa Kiswahili, mahali mama anayesubiri anaweza kuisoma. Ukumbi wa Karimjee wa Dar es Salaam ulitoka mikononi mwa familia ukawa wa mji, Bunge la Tanganyika huru likakutana humo, na hadi leo viwanja vyake ndipo wananchi wanapoaga miili ya viongozi wao. Hakuna aliyehitaji kuiomba familia ruhusa, na ndivyo inavyopasa.

Mwisho, tengeni fungu la matengenezo. Mkijaliwa shilingi milioni 100, msijenge kwa milioni 100. Jengeni kwa 80, na zile 20 wadhamini waziweke mahali salama, ili miaka mitano ijayo bomba likipasuka pawepo fedha za fundi. Mkishapata jibu la Mganga Mkuu wa Wilaya kuhusu wakunga, tuandikieni tena, tutawasaidia kuupitia mkataba.